Krola Inaposumbua Jiweni: Dalili, Chanzo na Tiba

Gari la rimoti la mbio huumia kwa kasi. Krola, yaani lile la kupanda miamba, huumia kwa kukwama. Tairi la mbele limebanwa kwenye ufa wa jiwe, mota inasukuma, servo (mota ndogo inayogeuza magurudumu ya mbele) inalazimisha kona, na hakuna kinachosogea. Nguvu hiyo haipotei bure. Hutafuta palipo dhaifu ikatokea hapo: waya mwembamba, skrubu iliyolegea, springi laini, jino la gia. Ndiyo maana wajenzi wa krola za mashindano hulalamikia mambo yale yale. Wengi hukimbilia kulaumu mota, wakati kwa kawaida mota ndiyo mshukiwa wa mwisho.

Vipimo vilivyotajwa humu ni vya krola za kipimo cha 1/10, yaani sehemu moja ya kumi ya gari halisi, zenye ringi za inchi 1.9 au 2.2. Zile ndogo za 1/24 zina maradhi hayo hayo, ila usizipe betri wala servo ya wakubwa.

Kabla hujashika bisibisi, chomoa betri. Krola huenda polepole lakini gia zake zina nguvu, na kidole kikiingia kati ya pinioni, yaani gia ndogo ya mota, na gia kubwa hakitoki salama. Halafu badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, urudi kwenye jiwe lile lile. Anayebadilisha springi, mafuta na uzito jioni moja hatajua dawa ilikuwa ipi.

Inazima, au rimoti "inapotea", ukikata kona huku imekwama

Hili huulizwa kuliko mengine yote. Gari linatembea vizuri sakafuni, likifika kwenye mwamba linakufa ganzi kwa sekunde moja au mbili, kisha linafufuka. Wengi hununua rimoti mpya. Tatizo linabaki.

Servo ya krola huwa na nguvu ya kilo-sentimita 20 hadi 35. Jiwe likiizuia, hunyonya ampea kadhaa kwa mkupuo. Anayeilisha ni BEC, sehemu iliyo ndani ya kidhibiti kasi ambayo hushusha volti za betri kwa ajili ya servo na risiva, yaani kipokezi cha mawimbi ya rimoti. Ikiwa BEC hiyo ni ya ampea 2 au 3 tu, volti huporomoka, risiva huzima na kujiwasha upya. Wewe unaona rimoti imepotea. Kumbe risiva imekosa umeme.

Kulithibitisha ni rahisi. Weka gari juu ya boksi magurudumu yote yakiwa hewani, liwashe, usiguse gesi. Shika magurudumu ya mbele kwa mikono miwili na mtu mwingine akate kona kwenye rimoti. Tazama taa ya risiva. Ikipepesa au kuzima, umeme hautoshi, na antena achana nayo kabisa.

Anza na betri na plagi yake. Pini iliyobadilika rangi kuwa ya kahawia, au plagi inayochomoka kwa urahisi mno, inatosha kuleta balaa lote hili. Kisha nenda kwenye rimoti, sehemu ya kuweka kikomo cha kona, ile inayoandikwa EPA. Kata kona hadi mwisho usikilize: servo iking'ong'ona, inasukuma chuma ambacho hakiwezi kwenda zaidi, na inakula umeme hata kabla jiwe halijafika. Punguza asilimia moja moja kila upande hadi mlio unyamaze. Pande mbili hazilazimiki kulingana.

Yote hayo yakiwa sawa, BEC ndiyo ndogo. Dawa ya kudumu ni BEC ya nje ya ampea 8 au zaidi, inayochukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Hapa watu huunguza vifaa. Ukiichomeka kwenye risiva, lazima uchomoe waya mwekundu kwenye plagi ya kidhibiti kasi inayokwenda kwenye risiva hiyo na kuufunika kwa tepu, la sivyo vyanzo viwili vya umeme vitapambana. Kapasita ya kuchomeka kwenye tundu tupu la risiva husaidia kwa kushuka kwa volti kwa muda mfupi tu. Mimi huiona kama kitulizo.

Servo yenyewe huwa chanzo pia, ila mara chache: ikipata moto wakati haijabebeshwa kitu, mota yake ya ndani inakufa. Risiva na antena ni za mwisho. Hakikisha tu ncha ya antena haijalala juu ya waya za mota au kufunikwa na kipande cha shaba.

Simama hapa: usiunganishe servo moja kwa moja na betri mpaka usome volti zilizoandikwa ubavuni mwake. Betri ya seli 2 iliyojaa ina volti 8.4, ya seli 3 ina 12.6. Servo ya volti 7.4 ukiipa 12.6 itatoa moshi papo hapo.

Kona haikati hadi mwisho, au magurudumu yanatetemeka yakiwa yamekata

Chomoa tairodi, yaani chuma kinachounganisha servo na magurudumu, kwenye mkono wa servo, kisha geuza magurudumu kwa kidole. Yakienda laini pande zote, tatizo liko kwa servo. Yakikwama, liko kwenye ekseli. Kipimo hiki cha dakika moja kinakuokolea bei ya servo.

Upande wa servo, kinachoharibika mara nyingi ni mkono wake wa plastiki. Meno ya ndani, ambayo kwa servo nyingi za ukubwa huu ni 25, husagika kidogo kidogo: servo inazunguka, mkono unabaki. Weka mkono wa alumini wenye skrubu ya kubana pembeni. Ukiufunga, kwanza washa gari, weka trimu ya kona kwenye sifuri, ndipo uuchomeke ukiwa wima. Anayeufunga servo ikiwa haina umeme huishia na kona kubwa kushoto na ndogo kulia. Angalia pia kitako kinachoshika servo. Ukikiona kinapinda huku servo ikisukuma, nguvu unayolipia inaishia kwenye kitako. Gari lenye mkono wa springi wa kulinda servo liondolee springi hiyo. Inafaa kwenye magari ya kasi, si kwenye mwamba.

Upande wa ekseli, shuku skrubu mbili zinazoshika kifundo cha gurudumu, ya juu na ya chini. Zikikazwa kupita kiasi kifundo hakigeuki. Baada yake ni beringi iliyojaa mchanga, na tairi linalokwaruza shokapu au linki, yaani fimbo zinazounganisha ekseli na chesi.

Mtetemo ni jambo jingine. Ukikata kona hadi mwisho na kugusa gesi, magurudumu ya mbele yakaruka ruka, krosi ya ekseli, yaani kiungo chake kinachopinda, imepita pembe yake. Punguza EPA. Ukitaka kona kali zaidi bila kuvunja, nunua shafti za ekseli zinazokubali pembe kubwa. Kuilazimisha krosi ya kawaida kwa servo yenye nguvu ni njia ya hakika ya kuikata katikati ya kozi.

Bodi inalala upande mmoja ukigusa gesi

Unapanda jiwe, unaongeza gesi, na bodi inainamia upande mmoja kana kwamba kuna mtu anaisukuma begani. Gurudumu moja la mbele linapoteza mguso, gari linachepuka kwenye geti, yaani alama mbili ambazo kwenye mashindano lazima lipite kati yake.

Kwanza jua kama ni msokoto wa propela shafti, inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi ekseli, au ni uzito tu uliolalia upande. Weka tairi za mbele zikisukuma ukuta, gusa gesi polepole ukitazama bodi kwa nyuma. Geuza gari, fanya hivyo hivyo kwa rivasi, tairi za nyuma zikiwa ukutani. Mwelekeo wa kulala ukibadilika, ni msokoto: shafti inapojaribu kuzungusha gia za ekseli, bodi inapokea nguvu ya kinyume. Usipobadilika, yaani gari linalalia upande ule ule mbele na nyuma, betri imekaa pembeni au shokapu moja imechoka.

Kwa msokoto, kagua kwanza shokapu. Zifungue uzikandamize mkononi moja baada ya nyingine. Moja ikirudi haraka kuliko wenzake, imevuja mafuta. Jaza zote nne upya kwa mafuta ya uzito (yaani unene) mmoja, utoe mapovu, kisha jaribu tena. Ikiendelea, ongeza mgandamizo wa springi ya kona inayozama kwa milimita 2 au 3, au weka springi ngumu kidogo hapo peke yake. Wapo wanaoiona hii kuwa fujo kwa sababu gari halilingani tena pande mbili. Majaji hawatoi pointi za ulinganifu.

Tiba ya ndani zaidi ni kupunguza nguvu inayopita kwenye propela shafti. Kadiri upunguzaji wa gia unavyofanyika ndani ya ekseli badala ya kwenye giaboksi, ndivyo shafti inavyobeba msokoto mdogo. Ndiyo siri ya ekseli za potali, zenye gia za ziada karibu na gurudumu: zinainua tumbo la gari na kupunguza msokoto kwa pamoja. Ukibadilisha gia za ekseli, badilisha mbele na nyuma, la sivyo utajiletea tofauti ya mwendo ambayo hukuikusudia.

Pua inanyanyuka kwenye mpando, gari linapinduka kinyumenyume

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu kila mtu ana dawa ya kuuza. Anza na mizani.

Tairi za mbele ziweke juu ya mizani ndogo ya dijitali, za nyuma juu ya ubao wenye unene sawa na mizani. Soma. Geuza, upime nyuma. Betri na bodi ya juu viwemo. Gari la gramu 2,500 lenye mgawanyo wa asilimia 60 mbele na 40 nyuma litasoma 1,500 na 1,000. Huo ni mwanzo mzuri. Gari likisoma 50 kwa 50, usiguse linki wala springi kabla hujasogeza uzito.

Kuna utaratibu wa kuusogeza. Betri kwanza, kwa kuwa ni nzito na kuisogeza ni bure: ilete mbele, ilale chini kadiri inavyowezekana. Halafu vipande vya shaba ya njano kwenye vifundo vya mbele na ndani ya ringi za mbele. Uzito huo uko chini ya springi, kwa hiyo haulazi bodi. Ila una gharama yake: kila gramu unayoongeza kwenye gurudumu inabebwa na shafti ya ekseli, meno ya gia na servo. Ongeza kidogo, jaribu, ongeza tena. Na usisahau upande wa pili wa hesabu: kuondoa uzito juu ni bora kuliko kuongeza chini. Keria ya juu iliyojaa madumu na majembe ya mapambo hupendeza kwenye picha, lakini kwenye mteremko wa pembeni inakuvuta kaburini.

Mizani ikiwa sawa na pua bado inanyanyuka, chukua simu urekodi kwa mwendo wa polepole ukiwa ubavuni mwa gari. Tazama pengo kati ya tairi la nyuma na bodi pale gesi inapoguswa.

Pengo likipungua, nyuma inachuchumaa na uzito wote unahamia huko. Springi za nyuma ni laini mno, au linki za juu na za chini zimekaa karibu sambamba. Shusha ncha ya linki ya juu upande wa chesi kwa tundu moja. Pengo likiongezeka, nyuma inajiinua. Huo ni ugonjwa wa kinyume, na dawa yake ni kupandisha ncha hiyo hiyo. Mtu akikushauri tundu la linki bila kuona gari lako likipanda, anabahatisha.

Msaada mwingine ni kuifanya ekseli ya mbele izunguke haraka kuliko ya nyuma, kwa gia tofauti. Tofauti ya asilimia 10 hadi 30 hivi huivuta pua juu ya jiwe na kubana kona. Kwenye sakafu yenye mshiko, hata hivyo, ekseli mbili zinazogombana huchosha gia, kwa hiyo gari hilo si la kuzurura nalo.

Linaruka ruka likipanda

Nyuma inadunda tap-tap-tap badala ya kusukuma. Ukiona hivyo achia gesi mara moja. Kila mdundo ni nyundo kwenye jino la gia.

Mara nyingi shokapu hazina mafuta ya kutosha, au mafuta ni mepesi mno. Panda ngazi moja ya uzito, kwa mfano kutoka 30 hadi 40. Baada ya hapo tazama sponji ndani ya tairi: ikiwa ngumu na tairi halibonyei, gari linadunda kama mpira. Mwisho ni linki za juu zilizokaa kwa pembe kali kiasi kwamba ekseli inajichimbia chini, inapoteza mshiko, inarudi, inachimba tena. Ile video ya ubavuni itakuonyesha: pengo hufunguka na kufunga kwa kasi. Pandisha ncha ya linki upande wa chesi.

Tairi zinateleza wakati wengine wanapita

Tairi mpya huwa na utando wa kemikali kutoka kwenye kalibu. Zioshe kwa maji ya moto kiasi na sabuni, usugue kwa brashi. Wengi hununua seti nyingine kabla ya kufanya hivi.

Kisha bonyeza tairi kwa kidole gumba gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Linapaswa kulala kidogo, liulambe mwamba. Likisimama wima kama la baiskeli iliyojazwa upepo, sponji ni ngumu. Unaweza kuikata vipande vya pembe tatu kwenye ukingo wa nje ili ilegee, ukiacha ndani pakiwa pagumu pabebe gari kwenye mteremko wa pembeni. Sponji za tabaka mbili, laini nje na ngumu ndani, zimetengenezwa kwa ajili hiyo na zinastahili bei yake.

Tundu la hewa likiziba tope, tairi linageuka puto. Likiwa wazi na ukapita majini, sponji inakunywa maji na gari linaongezeka uzito usioutaka. Ukitoka majini zungusha tairi, maji yatoke. Ikiwa ukingo wa tairi unachomoka kwenye ringi, fungua pete ya kubana, safisha mchanga, kaza skrubu kwa mtindo wa nyota, kidogo kidogo, zote mara mbili.

Linalia kra-kra, au mota inazunguka na gari halisogei

Betri ikiwa nje, gari likiwa limeinuliwa. Ekseli za krola ya mashindano kwa kawaida zimefungwa difu, kwa hiyo ukizungusha gurudumu la kushoto la nyuma, la kulia lazima lizunguke nalo kuelekea upande ule ule. Likibaki, shafti ya upande mmoja imekatika au pini ya nati ya pembesita nyuma ya gurudumu imetoka. Yakizunguka pamoja, tazama propela shafti: ikibaki imetulia, gia za ekseli zimekwisha. Ikizunguka na ya mbele haizunguki, skrubu ndogo inayoishika imelegea. Zote zikizunguka na mota haizunguki, rudi kwenye giaboksi, klachi ya kuteleza na pinioni.

Mkosaji wa kawaida kabisa ni skrubu ndogo ya pinioni. Lazima ikae juu ya sehemu bapa ya shafti ya mota, si kwenye mviringo. Ifungue, ipake tone moja la gundi ya nyuzi ya bluu, ikaze kwa bisibisi ya pembesita isiyochakaa. Gundi hiyo ni ya chuma kwa chuma tu. Ikigusa plastiki huidhoofisha hadi ipasuke.

Anayefuata ni nafasi kati ya pinioni na gia kubwa. Weka kipande cha karatasi ya kawaida kati yao, sukuma mota, kaza, kisha zungusha gia karatasi itoke. Itoke na mikunjo bila kuchanika. Jaribu sehemu kadhaa za mzunguko, kwa kuwa gia kubwa ya plastiki huwa haijakaa mviringo kamili.

Klachi ya kuteleza ikilegea, gari hupanda mwanzo vizuri kisha huchoka likipata moto. Kaza nati yake robo mzunguko. Ukiikaza hadi mwisho, umeondoa kinga, na kitakachovunjika mara ijayo kitakuwa ghali zaidi.

Mota inapata moto

Kidole kisipoweza kutulia juu ya mota kwa sekunde 3, imezidi. Kwa mwenye kipimajoto cha mwanga, nyuzi 80 za Selsiasi ni mpaka wa kusimama.

Chanzo cha kwanza ni pinioni kubwa mno. Punguza meno mawili. Cha pili ni kitu kinachokwaruza: zungusha gurudumu kwa mkono usikie kama linakwama, hasa beringi baada ya maji. Cha tatu ni mota isiyofaa kazi. Mota ya brashi ya krola huwa na T35, T45 au T55, yaani idadi ya mizunguko ya waya ndani yake. Kadiri namba hiyo inavyopanda, kasi hupungua na utulivu wa polepole huongezeka. T21 kwa betri ya seli 3 kwenye mwamba itaungua, hata uipulize kwa feni. Cha mwisho ni kaboni, yaani brashi zinazopeleka umeme ndani ya mota, zilizokwisha. Utaona cheche nyingi kwenye matundu ya nyuma.

Harufu ya kuungua ikitoka, zima. Usiijaribu "mara moja tu ya mwisho", maana mota iliyoshotika huiunguza kidhibiti kasi.

Linashtuka likianza, au linateleza lenyewe mteremkoni

Mota isiyo na brashi na isiyo na sensa hushtuka inapoanza. Ni tabia yake, usitafute ubovu. Yenye sensa ikishtuka, angalia waya wake mwembamba umechomoka au kukatika karibu na plagi. Ya brashi ikishtuka, ni kaboni, au tu kidhibiti kasi hakijafundishwa upya rimoti. Fanya kalibresheni: gesi katikati, mbele kabisa, nyuma kabisa, kwa utaratibu wa kitabu chake.

Kuteleza mteremkoni ni suala la breki ya kushikilia. Kwenye kidhibiti kasi cha krola iweke asilimia 100, kwa jampa (kipini kidogo cha kuchagua) au kadi ya programu. Ikishika kwa muda kisha ikaachia, pinioni inateleza kwenye shafti. Rudi kwenye sehemu ya kra-kra.

Krola zenye mota mbili, moja kwa kila ekseli, zina kero ya kwao: mbele na nyuma hazianzi pamoja. Fanya kalibresheni ya vidhibiti vyote viwili siku moja, kwa rimoti moja, kabla ya kuanza kuchezea mchanganyo wa chaneli. Tofauti ikibaki, badilishana mota mahali. Tofauti ikihama nayo, mota moja imechakaa.

Betri: hapa hakuna ujanja

Seli ya LiPo, yaani betri ya lithiamu, hujaa kwa volti 4.2 na haipaswi kushuka chini ya 3.0. Weka kikomo cha kuzima kwenye 3.2 au zaidi, na hakikisha kidhibiti kasi kimewekwa kwa LiPo, si NiMH (betri za nikeli), la sivyo kikomo hakifanyi kazi. Ukiiweka kabatini iache kwenye 3.8 hivi kwa seli. Muda wa kutembea ukipungua ghafla, pima kila seli. Moja ikiachana na wenzake kwa volti 0.1 au zaidi baada ya kuchaji kwa usawazishaji, betri hiyo imezeeka.

Iliyovimba, iliyotobolewa na jiwe, au inayonukia utamu utamu wa kemikali haitengenezeki. Usiichaji, usiitoboe kutoa hewa. Iweke nje juu ya mchanga au ndani ya chombo cha chuma, mbali na kitu kinachowaka, kisha ipeleke wanakopokea taka za betri. Kubadilisha plagi ya betri kwa solda ni kazi ya mtu mwenye uzoefu: waya mmoja kwa wakati, mwingine ukiwa umefunikwa, kwa sababu nyaya mbili zikigusana utaona moto kabla hujasikia. Kidhibiti kasi kilichotoa moshi mpe fundi wa elektroniki, au kibadilishe. Usikifungue na kuamini utakiona kilichoungua.

Likiharibika katikati ya mashindano

Soma kanuni za daraja lako kabla ya kugusa gari, kwa sababu kuligusa kwenye kozi kwa kawaida kuna adhabu, na mahali pengi hata rivasi huhesabiwa. Kati ya kozi na kozi, shughulikia mambo matatu tu: skrubu ya pinioni, nati za magurudumu, na plagi ya betri. Springi, mafuta na linki viache. Gia za ekseli ya nyuma zikikatika, chomoa propela shafti ya nyuma, urudi kwenye geti ukiendeshwa na magurudumu ya mbele peke yake. Gari lenye uzito wa kutosha mbele humaliza kozi nyepesi hivyo. Ikikatika ya mbele, kunja meza yako.